Njia tulivu za baiskeli Mallorca: ipe milima kisogo, ingia uwanda wa Pla

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Mimi na mume wangu tunaishi Stuttgart. Mdogo wangu wa kiume atakuja kutoka Arusha mwezi wa nne, na sote watatu tumepanga kukaa Mallorca, kisiwa cha Hispania, wiki moja tukiendesha baiskeli. Tunamudu kilomita 40 hadi 60 kwa siku, na vilima vya wastani si tatizo. Lakini tangu lori linipite karibu mno naogopa magari, na kila ninachosoma kuhusu kisiwa hicho ni barabara maarufu za Sa Calobra na Cap de Formentor, pamoja na picha za misururu ya mabasi. Je, njia tulivu zipo kweli? Na mgeni azitambue vipi?"

Marahaba, mwanangu. Njia tulivu zipo, tena nyingi, ila ziko katikati ya kisiwa, mahali ambapo wageni wengi hupapita tu wakielekea kwingine.

Mallorca unayoisoma ni ile ya Serra de Tramuntana, safu ya milima ya kaskazini magharibi ambayo UNESCO iliiingiza katika urithi wa dunia mwaka 2011. Ni milima mizuri, sina ubishi. Tatizo ni kwamba barabara inayoipitia kwa urefu ni moja, Ma-10, kutoka Andratx hadi Pollença. Kila anayetaka kuiona milima, awe kwenye basi la watalii, gari la kukodi, pikipiki au baiskeli, atakutana na wenzake humo humo. Sa Calobra ina shida zaidi, maana haina njia ya kutokea upande wa pili: inateremka zaidi ya kilomita 9 hadi baharini, na kila kilichoshuka lazima kipande pale pale. Mhandisi Antonio Parietti aliichora mwanzoni mwa miaka ya 1930 ili watalii waifikie pwani ile, na watalii wameitikia. Mtu mwenye hofu ya magari asianzie huko.

Ninapochagua njia, Mallorca na kwingineko kandokando ya Mediterania, huwa najiuliza swali moja: gari lina sababu gani ya kupita hapa? Barabara inayoishia ufukweni, bandarini au penye pango maarufu, magari yana sababu ya kuifuata. Barabara inayounganisha vijiji viwili vya wakulima, huku kilomita chache pembeni yake kuna barabara kuu inayofika upande ule ule kwa nusu ya muda, imebaki na wenyeji, matrekta na sisi. Tazama Coll de Sóller. Zamani magari ya kati ya Palma na Sóller yalipanda kona zake zote hadi karibu mita 500 na kushuka upande wa pili. Mwaka 1997 likafunguliwa handaki chini ya mlima, lenye urefu wa kilomita 3 hivi. Baiskeli haziruhusiwi humo, na magari nayo hayana tena haja ya kupanda. Njia ya zamani ikabaki na lami yake, mizeituni yake na wapanda baiskeli, ingawa mwisho wa wiki hupata pikipiki. Barabara za namna hiyo ndizo za kutafuta: zile ambazo kazi yake imechukuliwa na nyingine.

Sasa fungua ramani ya kisiwa kizima. Kutoka Palma, mji mkuu wa kisiwa, kwenda upande wa kaskazini na mashariki zinatoka barabara kuu tatu: Ma-13 kwenda Inca na Alcúdia, Ma-15 kwenda Manacor, na Ma-19 kwenda kusini mashariki. Hizo zimebeba mzigo mkubwa wa magari ya upande huo, na baiskeli zenu zisikanyage huko. Sehemu zilizo za mwendo kasi ni marufuku kisheria. Katikati yake ndipo penye Pla de Mallorca, uwanda wa mashamba wenye vijiji vilivyopishana kwa kilomita nne, tano, sita: Sineu, Petra, Maria de la Salut, Ariany, Sant Joan, Costitx, Sencelles, Llubí. Namba za barabara zitakusaidia. Zenye tarakimu mbili baada ya Ma ni za magari. Zenye tarakimu nne ni za daraja la chini, na ndani ya Pla nyingi hupitika bila presha. Chini yake kuna tabaka la tatu, ambalo kwangu ndilo bora kuliko yote: vijia vya mashambani visivyo na namba, ambavyo ramani huviandika Camí de hiki au kile. Vingi vimewekwa lami ili wakulima wafike kwenye viunga vyao. Upana wake ni wa gari moja, na kulia na kushoto kuna kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji. Nyuma ya ukuta utaona kondoo chini ya milozi, mitini, miti ya karobu, na mwezi wa nne ngano ikiwa bado mbichi na maua mekundu yamechanua ndani yake. Utaona pia milozi iliyokauka, mashamba mazima mahali pengine. Bakteria aitwaye Xylella fastidiosa aligunduliwa kisiwani mwaka 2016 na amewatia wakulima hasara kubwa. Inaniuma kila ninapopita, na nakwambia mapema ili usidhani ni ukame tu.

Laleni Sineu au Petra. Najua hoteli za bei nafuu ziko pwani, Alcúdia na Can Picafort na upande wa Platja de Palma, na kampuni nyingi za kukodisha baiskeli ziko huko. Lakini anayelala pwani huanza na kumaliza kila siku kwenye barabara za pwani, na hizo ndizo zenye magari. Sababu ya pili ni upepo. Siku za jua, kuanzia majira ya kuchipua, ardhi ya uwanda inapopata joto huvuta hewa ya bahari kutoka ghuba ya Palma na ghuba ya Alcúdia kuja ndani. Wenyeji huuita embat. Huamka karibu na adhuhuri na kukaza alasiri. Aliyetoka pwani asubuhi atarudi akiwa amechoka na upepo ukiwa usoni. Ninyi mtakaokuwa Sineu mtatoka asubuhi hewa ikiwa imetulia, mkielekea baharini, na alasiri upepo utawasukuma mgongoni mpaka nyumbani. Ukivuma upepo wa kaskazini wenyewe, tramuntana, hesabu hiyo huvurugika. Siku hiyo anzeni kwa kuukabili mkiwa na nguvu, mrudi nao.

Sineu na Petra pia ziko kwenye reli ya Palma, Inca na Manacor. Mkichoka, au mvua ikiwashika, mtapanda treni. Nafasi za baiskeli ndani ya behewa ni chache, kwa hiyo epukeni saa za watu kwenda na kutoka kazini.

Siku ya kwanza msijitie ushujaa. Tokeni Sineu kwenda Maria de la Salut, kisha Ariany, Petra, Sant Joan na kurudi Sineu. Ni kama kilomita 30, mawimbi madogo ya ardhi tu, na itawapa nafasi ya kuzoea baiskeli za kukodi. Petra pana uwanja ambapo wapanda baiskeli hukutana kunywa kahawa katikati ya asubuhi. Ni kijiji alichozaliwa mwaka 1713 Junípero Serra, padri aliyekwenda kuanzisha misheni za California. Mkijisikia vizuri, juu ya Petra kuna kanisa la Bonany kwenye kilima cha zaidi ya mita 300, na lami inafika hadi mlangoni. Ukisimama pale unauona uwanda wote na Tramuntana nzima kwa mbali, na kwa mtu wa hofu zako huo ndio umbali mzuri wa kuitazamia.

Mzunguko wa magharibi ndio nisingeukosa. Sineu, Costitx, Sencelles, Biniali, Santa Eugènia, kisha Algaida, Pina, Lloret de Vistalegre na nyumbani. Jumla kama kilomita 45. Kati ya Costitx na Sencelles tumieni vijia, si barabara yenye namba. Karibu na Costitx ndipo vilipochimbuliwa mwishoni mwa karne ya 19 vichwa vitatu vya ng'ombe vya shaba nyeusi, kazi ya watu wa kisiwa hiki wa kabla ya Warumi. Siku hizi viko jumba la makumbusho Madrid, ila nchi ile ile ya mawe na malisho iliyowalea mafahali hao mtaipita kwa baiskeli. Kutoka Santa Eugènia kwenda Algaida kuna kupanda na kushuka zaidi kuliko siku ya kwanza. Na mkifika Algaida na miguu bado ina hamu, mlima wa Randa uko jirani: mita 543, na kileleni monasteri ya Cura, kwenye mlima ambao mwanafalsafa Ramon Llull alijitenga kutafakari katika karne ya 13. Kutoka kijiji cha Randa ni kilomita 5 hivi za kupanda mfululizo. Hiyo iamueni siku hiyo hiyo, msiiandike kwenye ratiba.

Kwenda kaskazini mashariki, Llubí, Muro na Santa Margalida, ni siku nyepesi ya upepo niliousema. Mkitaka kuongeza kilomita, shukeni hadi s'Albufera, eneo la mabwawa lililohifadhiwa tangu 1988, lenye ndege wengi. Onyo moja: lango lake liko kwenye Ma-12, barabara ya pwani yenye magari mengi. Kipande chenu juu yake kiwe kifupi.

Kisha kuna kijia kimoja nje ya Pla ambacho nakuombea hali ya hewa njema ukipite. Pandeni treni hadi Inca. Kutoka hapo nendeni Selva, Moscari na Campanet, vijiji vilivyokaa chini kabisa ya milima. Baada ya Campanet kuna kanisa dogo la kale la Sant Miquel, na kuanzia hapo njia ya zamani ya Pollença inafuata bonde kwa zaidi ya kilomita 10. Milima iko kushoto kwako muda wote, mialoni na mizeituni pande zote mbili, na njia yenyewe ni tambarare kuliko unavyoweza kuamini. Magari yote ya upande ule yako kwenye barabara kubwa, upande wa pili wa vilima. Mvua kubwa ikiwa imenyesha siku za karibuni, ulizeni habari za Fonts Ufanes karibu na Sant Miquel: maji huchomoza ghafla kutoka ardhini katikati ya msitu, kwa wingi wa mto, na baada ya siku chache hukauka kabisa. Sijaona kitu cha kufanana nacho mahali pengine. Kutoka Pollença rudini kwa vijia vya mashamba ya mboga na viazi hadi Sa Pobla, penye vinu vya upepo vya kuvutia maji, na mpande treni pale. Mtabadilisha treni kituo cha s'Enllaç ili kufika Sineu.

Sasa hofu yako, maana njia nzuri peke yake haiiondoi. Sheria ya Hispania iko upande wako kuliko unavyodhani. Dereva anayempita mwenye baiskeli lazima aache angalau mita 1.5, na ili aipate anaruhusiwa kuvuka mstari wa katikati hata kama haukukatika, mradi mbele ni salama. Tangu 2022, penye njia mbili za kwenda upande mmoja anatakiwa kuhamia kabisa njia ya pili. Ninyi mnaruhusiwa kwenda wawili sambamba. Kofia ngumu ni lazima nje ya miji, na kipimo cha pombe kinawahusu wapanda baiskeli pia, kwa hiyo divai ya Binissalem iwe ya jioni. Madereva wa kisiwani wamezoea baiskeli na wengi husubiri kwa utulivu. Wa kuangalia zaidi ni mgeni mwenzenu kwenye gari la kukodi, asiyeijua njia wala upana wa gari lake.

Namna ya kukaa barabarani ni muhimu kuliko sheria yenyewe. Usijibanze ukingoni. Kaa kama mita moja kutoka ukingo, mwendo ulionyooka, ili anayekuja nyuma aone kwamba lazima ahame ndiyo apite. Kwenye vijia vya kuta jambo hili ni kubwa zaidi: ukijikunyata ukutani, mtu atajaribu kujipenyeza pasipo na nafasi, na wewe huna pa kukimbilia. Kaa katikati, na ukisikia injini nyuma endelea hadi penye lango la shamba au upana, jiegeshe, mpungie mkono apite. Trekta mpishe mapema zaidi. Yule yuko kazini. Kona zenye kuta hazionyeshi kilicho mbele, kwa hiyo zichukueni polepole, mmoja nyuma ya mwingine, mkono ukiwa kwenye breki. Fungeni kioo kidogo kwenye usukani wa baiskeli yako. Kwa mtu aliyewahi kutishwa na lori, kuona kinachokuja kabla hakijafika humrudishia pumzi zake.

Mdogo wako ana jambo lake. Amekua na barabara za kushoto. Akiwa amechangamka hatakosea; atakosea asubuhi anapotoka lango la hoteli, anapoanza tena baada ya kahawa, na kwenye kijia kitupu ambapo hakuna gari la kumkumbusha. Awe katikati yenu siku mbili za kwanza, na mkikaribia kipilefti mtamkieni kwa sauti kwamba mnaingia kwa kulia. Breki pia azijaribu kabla ya kuondoka dukani, ajue mkono upi unashika gurudumu la mbele, kwa sababu huenda ni kinyume na alivyozoea, na kosa hilo humtupa mtu juu ya usukani.

Kuhusu saa. Wenyeji hula mchana kuanzia saa nane, na kuanzia hapo hadi saa kumi barabara za Pla huwa kama zimefungwa. Huo ndio muda wa utulivu kuliko wote, ila maduka nayo hufungwa, basi jazeni chupa mbili za maji kila mmoja na mnunue machungwa na mkate kabla. Jumatano Sineu pana soko kubwa, ambapo hata mifugo bado huuzwa. Tembeeni humo kwa miguu, mkalione na lile sanamu la simba mwenye mabawa mbele ya kanisa, lakini msipange kutoka wala kuingia kijijini kwa baiskeli asubuhi ile. Alhamisi magari huelekea soko la Inca, na Jumapili Pollença na Santa Maria del Camí. Angalieni pia tarehe ya Mallorca 312, safari kubwa ya wapanda baiskeli ya mwishoni mwa mwezi wa nne: siku hiyo barabara za njia yake hufungwa, na siku za kabla yake kisiwa hujaa vikosi vinavyofanya mazoezi kwa kasi. Mkiweza, njoeni wiki mbili za mwanzo za mwezi, na muikwepe wiki ya Pasaka ikiangukia humo.

Baiskeli wekeni nafasi mapema, za saizi zenu, zenye tairi za upana wa milimita 28 au zaidi. Vijia vina viraka, changarawe kwenye kona na madimbwi mabondeni. Ombeni gia nyepesi za kupandia. Kama mumeo au wewe mna wasiwasi na vilima, baiskeli ya umeme si aibu hata kidogo. Kila mmoja awe na tyubu ya akiba, na kundi liwe na pampu moja inayofanya kazi.

Ramani chukueni ile ya OpenStreetMap kwenye simu na muipakue kabla ya safari. Msidanganywe na ramani zinazopaka rangi mahali wanapopita wapanda baiskeli wengi. Sa Calobra inawaka rangi hiyo kuliko kijia chochote nilichokutajia, kwa sababu inaonyesha umaarufu, haionyeshi magari. Chukua vijiji viwili, tafuta barabara yenye namba kati yao, halafu kodolea macho mistari myembamba iliyo sambamba nayo. Picha za barabarani za intaneti zitakuonyesha kama kuna lami na kama mstari huo hauishii kwenye lango la shamba la mtu. Kazi hiyo fanyeni jioni, mezani, ninyi watatu, na njia ya kesho iingizeni kwenye simu mbili tofauti. Namba ya dharura ni 112.